Mbavu za Nyumba ya Ebla

Jua halijapanda vizuri, na Awrala Guuleed amelala kifudifudi ukingoni mwa shimo, mkono umezama hadi begani. Anapapasa mzizi wa mgunga. Akiupata, ataukata upande mmoja tu wa mti.

"Ukikata pande zote," anasema, "mti unakufa huku unakutazama."

Huku uwandani kwa wafugaji wanaohamahama, mwendo wa siku mbili kutoka mji wa Burao, mzizi huo ndio ubavu wa nyumba. Humenywa gome, hupindwa ungali mbichi, kisha hufungwa kamba mpaka ukaukie kwenye mkunjo wake. Siku ya kuhama, mbavu hizo hizo hulazwa juu ya mbavu za ngamia, zikabeba mikeka, vibuyu vya maziwa na watoto wachanga. Mwanamume haigusi kazi hii. Nyumba ni ya mwanamke.

Awrala, mwenye miaka sitini na kitu, ameshawajengea mabinti wanne. Enzi hizo wanawake walikusanyika, wakapinda na kusuka kwa nyimbo, na aliyevunja mzizi alitaniwa mpaka jioni.

"Tulicheka hadi mbavu zikauma," anakumbuka. "Sasa nikicheka, huu wa kushoto unanichoma kwelikweli." Mwaka jana mzizi ulimfyatukia, ukamvunja ubavu.

Imebaki zamu ya kitinda mimba, Ebla, anayeolewa Ijumaa. Lakini migunga imekwisha kwenda mjini, ndani ya magunia ya mkaa. Tangu alfajiri Awrala amechimba mashimo matatu, na mzizi wa maana ni mmoja.

Ebla anamletea chai ya maziwa. "Mama, inuka basi. Wakwe wataleta nondo. Hazivunjiki."

"Nondo! Kamfunge nazo mama mkwe wako kwanza, tumwone akitembea."

"Wewe nawe! Dunia imebadilika."

"Ngamia hajabadilika. Muulize Halan."

Halan ni binti wa dada yake Awrala. Kiangazi kilichopita alihama na nyumba ya nondo. Chuma kilimchubua ngamia ubavuni, kidonda kikaoza, mnyama akalala chini kabla ya kufika kisimani. Maji yakawaishia hapo hapo. Mwanawe mchanga wakamzika kando ya njia.

"Mti hunesa ngamia akivuta pumzi," anasema Awrala. "Chuma hakijui kama ngamia anapumua. Kina mama wenzangu ningewaambia: msiwape mabinti zenu chuma."

Anainuka ameshika ubavu wake wa kushoto, anakwenda kwenye nyumba yake mwenyewe, anashusha mikeka, anaanza kufungua kamba. Ndivyo ilivyo desturi: binti akiolewa hupewa baadhi ya mbavu, na nyumba ya mama hupungua. Ile iliyowahi kulaza watu tisa sasa inabakiwa na nafasi ya kitanda kimoja, na leo hata hicho hakitaenea.

"Mama, utalala wapi?"

"Nitajikunja. Nimepinda mizizi miaka yote hii, mgongo wangu ndio unishinde?"

Ebla anacheka, kisha analia, kisha anashika ncha ya pili ya kamba.

Harusi ikipita, Awrala anataka kuwakusanya wanawake wa kambi waizungushie boma la miiba migunga michache iliyosalia bondeni, na kila mmoja amkabili mumewe kuhusu kukata miti ya mkaa.

"Nyumba yangu haipunguziki tena," anasema. "Ebla naye atazaa mabinti. Wao watachimba wapi?"