Kitako cha Minko

Dobrina alichonga mbao mjini Tryavna kwa miaka thelathini na minane. Alichonga waridi na zabibu kwenye viti vya makanisa, alichonga dari za nyumba za watu wenye nafasi, na mara mbili alichonga majeneza, la baba yake na la mama mkwe. Bunduki hakuwahi kuigusa. Bunduki yalikuwa mambo ya mumewe.

Minko alikuwa mtu wa reli, mwenye kupandisha na kushusha mikono ya ishara za treni hadi alipostaafu. Kila Jumapili, akishamaliza kahawa, alitwaa bunduki yake ndefu ya upepo akapanda hadi kwenye machimbo ya zamani ya mawe, ambako yeye na wenzake wa klabu walipanga kuku, nguruwe na kondoo wa bati juu ya ubao na kuwaangusha kwa marisau. Alirudi mchana suruali imejaa nyasi.

"Leo nimeangusha kondoo wanane."

"Wanane! Mbona mimi napika maharage?"

Waliishi hivyo, na hakuna aliyefikiri kwamba ni furaha. Kisha mwezi wa pili, asubuhi ya theluji, Minko alianguka jikoni kwa kiharusi. Ulimi ulimrudia kabla ya Pasaka. Mguu ulimrudia nusu. Mkono wa kulia haukurudi kabisa, ukabaki unaning'inia kama kitu alichosahau kukivua.

Siku moja Dobrina alichungulia dirishani mwa karakana yake akamwona uani. Bunduki ile ya zamani ilitaka mtutu ukunjwe kwa nguvu ndipo ikokiwe, na kazi hiyo ni ya mikono miwili. Minko alikuwa ameibana katikati ya magoti, anakandamiza mtutu kwa mkono wa kushoto, uso umemwiva. Bunduki ikamponyoka, ikaanguka kwenye mawe. Alisimama akiitazama muda mrefu. Dobrina akarudi nyuma taratibu ili asionekane, akashika patasi yake, akasahau alikuwa anachonga nini.

Kesho yake Minko alimwita Spas, mwenyekiti wa klabu, fundi wa malori mwenye sauti ya kupasua vioo. "Ichukue," alimwambia. "Hapa inakula vumbi tu." Tangu siku hiyo akawa mtu wa kukaa dirishani na kusikiliza treni ambazo hazionekani kutoka pale.

"Ya saa nne na robo imechelewa," alikuwa akisema. Na hayo ndiyo mazungumzo ya siku nzima.

Spas ndiye aliyeleta habari. Alimsimamisha Dobrina sokoni, mbele ya pilipili.

"Shemeji, kuna bunduki ya upepo ya namna nyingine. Fupi, hivi," akaonyesha kutoka begani hadi kwenye vidole vyake. "Mashine yake yote imerudishwa nyuma, uzito unakaa begani. Na inajikoki yenyewe! Unavuta kifyatulio, inapiga. Unavuta tena, inapiga tena. Hakuna kukunja kitu. Kuna jamaa mjini Gabrovo anauza yake."

"Kwa mkono mmoja inawezekana?"

Spas alijikuna shingo. "Kwa mkono mmoja wa mtu mwenye akili timamu, ndiyo. Kwa Minko sijui."

Bunduki aliyoinunua ilikuwa nyeusi, ya plastiki, na kila kitu chake kilitengenezwa kwa mtu mrefu atumiaye mkono wa kulia. Dobrina aliifungua kwenye meza ya karakana, Spas akimwonyesha ni wapi pa kugusa na wapi pa kuacha. Plastiki akaitupa pembeni. Alikuwa na ubao wa mjozi uliokauka miaka kumi na moja, aliouweka kwa ajili ya mlango wa kanisa. Akaushusha.

Vipimo alivipata kwa uongo.

"Nyanyua mkono. Nakufumia sweta."

"Wewe?" Minko alimkodolea macho. "Tangu lini unafuma?"

"Tangu leo. Nyoosha shingo, usinichekeshe."

Alifanya kazi wiki tano. Kitako cha bunduki kikatoka laini kama mgongo wa paka, na ubavuni akachonga majani ya mzabibu, kazi ambayo katika mji ule ni yeye tu angeweza kuifanya. Akakipaka mafuta ya kitani mara saba. Jumamosi asubuhi akamlazia Minko bunduki mapajani.

Minko aliyatazama majani ya mzabibu. Akapitisha kidole juu yake.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Minko!"

"Umenipambia kama jeneza, bibi we. Nakuuliza nani amekufa."

Hata hivyo aliiweka begani, bega la kushoto. Dobrina alimwona akijaribu kushusha shavu lake juu ya mbao. Halikufika. Tangu ugonjwa, kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, na bega lilikuwa limeshuka, na Dobrina, aliyelala naye kitanda kimoja, hakuwa amelitia hilo maanani. Minko akairudisha mapajani mwake bila hasira sasa.

"Hii nzuri," alisema. "Lakini ni ya mtu mwingine."

Dobrina aliichukua akaenda nayo karakana, akafunga mlango, akalia akiwa amesimama. Alijua ni ya nani. Alikuwa amemchongea yule mwanamume aliyekuwa akipanda mlimani kabla ya theluji ile, wima kama nguzo ya ishara. Sweta la uongo, tepu ya kweli, na macho yake yakapima mtu ambaye hakuwepo.

Alipofuta uso na kugeuka, mlango ulikuwa umefunguka. Minko alikuwa kizingitini, ameegemea fimbo, anahema. Hakuwa ameingia karakana tangu augue. Ngazi zilikuwa sita.

"Kuna kiti?"

Akamsogezea gogo. Akaketi.

"Hapa," alisema akigusa sehemu ya shavu kwenye kitako, "toa. Polepole. Ukishatoa hakirudi."

"Wewe sasa unanifundisha kuchonga?"

"Mimi nafundisha bunduki. Kuchonga unajua mwenyewe."

Wakafanya hivyo mwezi mzima. Dobrina aliipasha moto nta, akaibandika pale mkono unaposhika, akamwambia Minko akamate kwa nguvu; vidole vyake vikaacha alama, naye akachonga kwa kufuata alama hizo, kidole kwa kidole. Kitako kikafupishwa kwa upana wa vidole vitatu. Sehemu ya shavu akaipindisha upande kwa kiasi ambacho mtu yeyote mwingine angeona ni kosa la fundi. Kila asubuhi alimwita ajaribu tena, na kila asubuhi Minko alipata la kulalamikia, na Dobrina aliona kwamba mume wake ameanza kunyoa ndevu kabla ya kushuka zile ngazi.

Tatizo lilibaki upande wa mbele wa bunduki. Mkono wa kushoto ulivuta kifyatulio vizuri, lakini mtutu ulicheza kwa kukosa wa kuushikilia.

"Tuweke mfuko wa mchanga," alisema Dobrina.

Minko aliuinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauangusha mezani. Ulianguka kwa kishindo. "Huu hapa mfuko wenyewe. Una uzito wa kutosha, na haufanyi kazi nyingine."

Alikusudia mzaha, lakini Dobrina hakucheka. Alikuja akauweka ule mkono sawasawa, akaukunja kiwiko, akaivuta bunduki ikalala juu yake. Mtutu ukatulia.

"Usisogee," alisema, akachukua penseli.

Akachonga chini ya kitako, upande wa mbele, bonde la kupokea mkono ule, refu, la kina kidogo, akalisugua kwa msasa mwembamba kabisa, kwa kuwa ngozi ya mkono ule ilikuwa haijui kulalamika.

Wakapanda machimboni Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, ndani ya lori la Spas. Bunduki ile ilitaka kujazwa hewa kwa pampu ya kusimama, na pampu nayo ilitaka mikono miwili, kwa hiyo Dobrina ndiye aliyepampu, anapanda na kushuka, wanaume wakimtazama kwa heshima. Minko aliketi mezani, mkono wa kulia ukawekwa mahali pake.

Akavuta. Akavuta tena. Hakungoja, hakulenga, alivuta tu hadi marisau yote kumi yakaisha, pa-pa-pa, na hakuna bati lililotikisika.

"Mzee!" Spas alipayuka. "Unawinda au unapiga ngoma?"

Minko alikuwa amefunika uso kwa kiganja. Dobrina alimsogelea kwa hofu, kisha akaona mabega yakitikisika, akajua anacheka. Alikuwa hajacheka tangu theluji.

"Nilitaka kuisikia tu," alisema. "Jaza, mke wangu. Sasa napiga."

Siku hiyo aliangusha kuku wawili na nguruwe mmoja. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya klabu, alishika nafasi ya pili kutoka mwisho, na aliyemfuata alilalamikia jua. Mkono haukupona. Lakini kila Jumapili walipanda, miaka sita, mpaka moyo wake ulipogoma, na katika miaka hiyo sita Dobrina hakusikia tena habari za treni iliyochelewa.

Ila ile Jumapili ya kwanza ndiyo anayoikumbuka zaidi. Walikuwa wamekaa kwenye jiwe wakimngoja Spas awashe lori, naye Dobrina alikuwa akificha mikono yake kwenye aproni. Minko aliivuta mmoja mmoja akaifungua. Pampu ilikuwa imeichubua viganja, malengelenge manne mekundu.

"Mbona hukusema?"

"Ungeacha kupiga."

Minko aliinamisha kile kichwa chake kilichopinda, akavipulizia viganja, kwanza kimoja, kisha cha pili, kwa makini, kama mtu apulizaye uji wa mtoto, hadi Spas alipopiga honi.