Jeshi la Hispania Ndani ya Soksi

Siku tatu sikulala vizuri kwa wasiwasi mmoja: walinzi wakikagua mfuko wangu kwenye lango la mgodi wa almasi, watanionaje? Mimi, mhandisi mzima, nilikuwa nimepaka rangi askari wadogo wa bati, wapanda farasi wa Hispania ya kale, nikacheze nao mchezo wa vita mezani kwa rafiki yangu Shinyanga mjini. Kwa aibu nikawaficha ndani ya soksi. Elimu yote ile haikunikumbusha kwamba humo ndimo wezi huficha almasi.

Mlinzi, Mzee Masanja, alipapasa kifundo cha mguu wangu, akagusa kitu kigumu.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia mara ya tatu.

"Marahaba. Vua kiatu, mwanangu. Kazi bado unaitaka?"

Wenzangu waliopanga foleni nyuma yangu wakachungulia. Ningeweza kusema ni zawadi ya mpwa wangu. Badala yake nikavua kiatu na soksi, nikawapanga askari wangu mmoja mmoja kwenye meza ya ukaguzi.

"Ni wangu, mzee. Nawachezea mwenyewe."