Mia Ishirini kwa Themanini

Usiniambie nilikuwa nimechoka. Wauguzi wote tumechoka, na si wote wanaopimana presha na wafu. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu zote. Ukitaka kuamini amini, usipotaka soma tu, maana sikuombi unifariji.

Wanaonifahamu wananijua kwa kuhamahama. Nilianza wodi ya wazazi kwenye hospitali moja ya Musoma, nikahamia kliniki ya macho Bunda, nikahamia zahanati ndogo Nyamuswa, na sasa natunza chanjo katika ofisi moja Butiama. Natunza friji, yaani. Mume wangu ni mwalimu na ana ulimi mkali. Aliwahi kunitania kwamba nikihama tena itabidi nihamie chumba cha maiti, ndiko pekee nilikobakiza.

Kila usaili wana swali lile lile: kwa nini unaacha ulikotoka? Nami nilishajifunza jibu. Nasema natafuta eneo la uuguzi linalonifaa. Wanalipenda jibu hilo, wanaitikia kwa kichwa na kuandika. Kumbe mimi sikuwa natafuta chochote, nilikuwa nakimbia.

Ngoja nikueleze tunavyofanyaga kazi, kwa sababu bila hilo hutanielewa. Zamu haikabidhiwi ikiwa na nafasi tupu kwenye chati. Anayeingia anapita kitanda kwa kitanda, akikuta kisanduku hakijajazwa anakurudisha ukapime, hata kama umeshabeba mkoba. Kwa hiyo tuna mchezo wetu, tunauita kupika. Nusu saa kabla ya zamu kwisha unakaa mezani na chati zote, unapika. Mapigo ya huyu, joto la yule, unachanganya namba kidogo ili zisifanane. Na mtu akionekana mzima unamwandikia presha mia ishirini kwa themanini, namba ya mtu asiye na tatizo. Nilipika mara nyingi sana na hakuna aliyekufa. Ndiyo maana niliendelea.

Siku ninayoikimbia, kule wodini Musoma, tulikuwa wauguzi wawili, wajawazito kumi na mmoja, na mashine moja ya presha ambayo betri zake zilikuwa zimeazimwa chumba cha pili. Kitanda cha dirishani alilala binti wa kijiji cha Buswahili aitwaye Wakuru, mimba yake ya kwanza, kitambaa cha njano kichwani. Miguu ilikuwa imevimba. Nilipopita akanishika gauni.

"Sista, kichwa kinanigonga. Naona vimulimuli."

"Utazaa tu, mama," nikamwambia. "Wote mnasemaga hivyo."

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi anajua vimulimuli vile ni nini. Ni dalili ya kifafa cha mimba, na presha ikipimwa mapema kuna dawa. Nilijua. Lakini nilikuwa na njaa, betri ziko mbali, na chati yake nilishaipika. Nikakabidhi zamu, nikaenda zangu kula.

Jioni akaanza kutupwa na degedege. Wenzangu walipokuja kumpima, walikuwa wamechelewa. Hakupona, wala mtoto.

Nilidhani nitafungwa. Unajua kilichotokea? Kikao cha kujadili kifo kilipokaa, chati yangu ikawekwa mezani, nayo ilikuwa safi, haina nafasi hata moja. Mkuu wetu akasema ugonjwa ulimvamia ghafla, kazi ya Mungu haina makosa. Kisha akawaambia wenzangu waige ujazaji wangu.

Kibaya zaidi kilikuwa getini. Mama mkwe wa Wakuru alinisubiri na kuku jike aliyefungwa miguu. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyemhudumia mchana ule.

"Pokea, mwanangu," akasema. "Wewe ulimwangalia."

Nikapokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa kwetu. Na kuku yule nikamla, nisikufiche.

Mwezi uliofuata nikaomba kazi Bunda. Macho hayaui mtu, nilijiambia. Na kweli nilikaa vizuri karibu mwaka. Halafu siku moja, saa nne asubuhi, nimeinamia kadi naandika majina ya waliokaa kwenye benchi, nikasikia sauti ya mwisho wa foleni ikijibu kabla sijauliza tatizo lake.

"Naona vimulimuli, sista."

Nikainua macho. Benchi lilikuwa na wazee wanne, wote wanaume. Wiki ile ile nikaandika barua ya kuacha kazi. Kwenye usaili wa Nyamuswa nikasema natafuta eneo linalonifaa.

Nyamuswa ilikuwa zahanati ya vyumba viwili, mganga mmoja na mimi. Siku za mnada wa ng'ombe watu wote wanakuwa mnadani, hata mganga anatoroka kidogo kwenda kula nyama. Siku mojawapo ya hizo, saa nane mchana, nimebaki peke yangu, akaingia mjamzito na kadi yake ya kliniki. Nikamwambia karibu mama, kaa. Nikavuta mashine. Sikumtazama usoni, na niamini, sisi huwa hatuwatazami. Tunatazama mkono.

Nikamfunga mkanda. Mkono ulikuwa wa baridi, nikadhani ametoka kunawa. Mashine ikavuma, ikasoma mia ishirini kwa themanini. Miguu yake niliiona chini ya meza, imevimba hadi kandambili zimemkata ngozi. Nikasema haiwezekani. Nikapima mkono wa pili. Mia ishirini kwa themanini. Nikabadilisha betri, nilikuwa nazo nyingi, tangu Wakuru sikosi betri mfukoni. Namba ile ile.

Hapo nikaufungua mkanda kutoka mkononi mwake, nikauweka mezani mtupu, nikabonyeza tena. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Mkanda ukajaa upepo wenyewe pale mezani, ukajibana, ukalegea, na mashine ikasoma presha ya meza. Mia ishirini kwa themanini.

Ndipo nikamtazama. Kitambaa cha njano.

Ungefanya nini wewe? Usijibu haraka. Mimi niliyejiona jasiri nilikaa tu, haja ndogo ikanitoka, na nasema hili bila aibu.

"Andika, sista," akasema kwa upole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. "Siku ile uliandikaga bila kunipima. Leo umenipima, si umeona ni hiyo hiyo?"

Nikaandika. Mkono uliandika wenyewe kwa mazoea. Akauokota mkanda, akanifunga mimi kwa ufundi kunishinda, vidole viwili chini ya mkanda kama tunavyofundishwa. Akabonyeza. Tukasubiri wote wawili.

"Na wewe uko mzima," akasema.

Akachukua kadi yake, akatoka kwenye jua. Nilimwona kabisa akivuka barabara kuelekea mnadani, katikati ya watu na ng'ombe, akishika kiuno kama wajawazito wote. Mganga aliporudi alinikuta nimekaa kwenye gauni lililolowa na akanirudisha nyumbani, akisema ni malaria.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekuwa ndefu kidogo, imepita wilaya tatu, lakini sasa naona mwisho wake. Nina mimba ya miezi saba, ya kwanza, baada ya miaka sita ya ndoa. Miguu imevimba, pete nimeivua kwa sabuni. Kichwa kinanigonga. Na tangu wiki iliyopita, nikiwa nahesabu chupa za chanjo, naona vimulimuli.

Nimejipima kwa mashine nne tofauti. Nimepimwa kliniki Musoma na mkunga makini, mkanda mkononi, mara tatu, macho yangu yakiwa kwenye kioo cha mashine. Wewe unaijua namba. Vipimo vya mkojo vimeisha, wakasema nirudi. Dawa haitolewi kwa maneno ya mtu, ndugu yangu, inatolewa kwa namba, na namba yangu ni nzuri kuliko ya wanawake wote wa foleni ile.

Nikaona hakuna la kuficha tena. Nikafunga mlango, nikamweleza yule mkunga yote: chati, kikao, kuku, Nyamuswa. Nilidhani atanishtaki, na nilitaka anishtaki, mradi tu asiiamini mashine. Akanisikiliza hadi mwisho akiwa anajaza kadi za watu wengine. Nilizisoma juu chini kutoka upande wangu wa meza, na wenye kadi walikuwa bado nje kwenye benchi.

"Nani hajawahi kupika?" akasema, akicheka kidogo. "Usijitese. Utazaa tu, dada. Wote mnasemaga hivyo."

Sasa wewe unayesoma, una mke, una binti, una dada. Akilazwa, nenda ukakae naye. Usitazame chati iliyojazwa vizuri, utazame mkono wake uone kama mkanda umefungwa. Na kama wewe ni muuguzi mwenzangu na unatafuta eneo linalokufaa, tafuta, lakini jiulize kwanza unamwacha nani kitanda cha dirishani. Mimi narudi kliniki Jumatatu, mume wangu anasema ataomba ruhusa shuleni anisindikize. Nimemwambia abebe betri.