Krenki Iliyokwenda Mkokotoni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile ambayo ami yetu aliigawa injini ya baba.

Usicheke. Wewe umezaliwa umeikuta gari ile inatembea. Wiki hii umeniona nimekaa kwenye kigoda uani hapa Mpendae, injini imefunguliwa tena kwa sababu inavuja oili, ukaniuliza: shangazi, wewe na baba na ami Makame mkishaondoka, gari hii itakuwa ya nani? Sikukujibu kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta ya taa. Sasa nimenawa. Kaa hapa nikwambie.

Babu yako alikuwa fundi wa magari. Mhandisi mmoja wa Kizungu, alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, alimwachia gari yake ya michezo, hii fupi yenye milango miwili. Injini iko nyuma, mahali ambapo gari nyingine zina buti. Haina rejeta na haijui maji. Feni kubwa huipulizia upepo, basi. Baba aliipenda kama mtoto wake wa nne. Akaishusha injini, akaifungua yote, akaosha kila kipande na kukipanga juu ya mikeka katika chumba cha uani. Hakuwahi kuirudisha. Alifariki vyuma vikiwa vimetandazwa vile vile. Mama alikuwa amekwisha kutangulia. Mimi ndiye mkubwa, Makame ananifuata, na baba yako Idi alikuwa bado hajaanza skuli.

Baada ya arubaini jamaa wakakaa kugawa mirathi. Ami hakuwa mtu mbaya. Alitaka kila yatima apate haki yake, asije yeye akaulizwa kesho kwa Mungu. Alipoingia chumba cha uani na kuona vyuma vimeenea mikekani, aliona mali ambayo imekwisha kugawika, imebaki kuchukuliwa tu. Krenki, kile chuma kizito chenye mikunjo kinachozungushwa na pistoni, akampa Makame pamoja na mikono yake ya chuma. Pistoni na silinda akampa Idi. Mimi, mtoto wa kike, fungu langu likawa makopo ya nati na bolti, na zile nusu mbili za bloku, gamba la injini, ambazo hakuna aliyejua kazi zake. Shangazi yetu alidhani ni karai. Bodi la gari na vikorokoro vilivyobaki vikaachwa uani, maana hakuna aliyekuwa na pa kuvipeleka.

Sheria haina kosa, mwanangu, nataka unielewe hapo. Kosa lilikuwa kukigawa chenyewe badala ya kugawa thamani yake. Kila mmoja alipata haki yake kamili, na hakuna aliyepata injini.

Nasi tukagawiwa vivyo hivyo. Makame alichukuliwa na mjomba, Mkokotoni. Idi akapelekwa kwa shangazi, Chwaka. Mimi nikabaki kulinda nyumba pamoja na bibi, mama yake baba, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha. Niliwasindikiza hadi barabarani. Mmoja amekumbatia chuma, mwengine amekumbatia kikapu cha pistoni, na mimi nimerudi nyumbani kwenye makopo yangu.

Skuli nikaiacha. Mzee Kombo, aliyekuwa fundi mwenza wa baba, akanichukua gereji kwake niwe naosha vyuma. Watu wakasema, mtoto wa kike na spana wapi na wapi. Mzee Kombo aliwajibu kwamba kama wana mtoto wa kiume anayeosha kabureta kwa usafi ule wamlete, atamwajiri siku hiyo hiyo. Hawakumleta. Miaka ikaenda, nikatoka kwenye kuosha nikaingia kwenye kufungua, kisha kwenye kufunga. Nilipoona naweza kulisha watu zaidi ya mimi na bibi, nikaenda Chwaka kumchukua Idi. Alirudi na kikapu chake. Pistoni moja shangazi alikuwa akiuzuilia mlango usipigwe na upepo, lakini haikuwa na mkwaruzo.

Hapo ndipo niliposhika azma. Injini ya baba itarudi kuwa injini, katika ua ule ule ilimofunguliwa, kwa mikono yangu. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Kilichokosekana kilikuwa krenki. Nikampelekea Makame salamu kwa mchuuzi wa samaki wa huko kaskazini: mwambie alete ile krenki, naihitaji. Baada ya siku chache mchuuzi akaniletea jibu.

"Kasema nikwambie kuwa keshaifanya nanga."

Nilikaa chini. Krenki hukaa kwenye beringi, na uso wake lazima uwe laini kama kioo. Ikionja maji ya bahari, imekwisha. Lakini sikuwa mtu wa kukaa chini muda mrefu. Nikaanza kuulizia nyingine, na baharia mmoja akanihakikishia kuwa ameiona moja Mombasa. Nikamwendea Mzee Kombo na habari hiyo, nikitegemea atanisifu. Alikuwa anakunywa kahawa. Akakiweka kikombe chini.

"Idi ulimpata vipi?" akaniuliza.

Nikamwambia nilimfuata Chwaka.

"Na Makame umempelekea nani?"

"Mchuuzi wa samaki."

"Ukamwomba nini?"

"Alete krenki."

"Idi umemfuata kwa miguu yako. Makame umemtumia mchuuzi, na hata hukumwita yeye, umekiita chuma. Ningekuwa mie, ningesema nimeifanya nanga ya meli." Akachukua kikombe chake tena. "Nenda Mkokotoni. Na ukifika, usiitaje krenki mpaka aitaje yeye."

Maneno yale yalinichoma, mwanangu, kwa sababu niliona ni kweli kabla hajamaliza kuyasema. Nikaenda.

Nilimkuta Makame amekuwa kijana mrefu, anajifunza useremala wa mashua. Akaniamkia, "Shikamoo, dada," nikamwitikia, naye akaendelea kupiga randa. Nikakaa juu ya gogo. Nikamuuliza habari za mjomba, habari za kazi, mbao wanazitoa wapi. Adhuhuri tukala samaki na muhogo pamoja na mafundi wenzake, waliotaka kujua kama kweli dada yake anavaa suruali. Nikawaambia navaa, tena ina mifuko mingi kuliko zao. Makame akacheka bila kutaka. Alasiri ikaingia bado sijataja kitu.

"Huiulizi nanga?" akasema mwisho.

"Sikuja kwa ajili ya nanga."

Akaingia ndani, akarudi amebeba furushi. Lilikuwa shuka la baba, naikumbuka mpaka leo mistari yake. Akalifungua juu ya maranda ya mbao, na krenki ikalala pale inang'aa, haina doa la kutu. Alikuwa ameipaka mafuta ya papa, yale wanayopaka mashua, tena na tena miaka yote ile, hadi shuka likanata. Harufu yake sitaki kuisimulia. Nikanyoosha mkono kuigusa. Akaivuta kwake.

"Sikupi," akasema. "Ntaileta mwenyewe."

Akaja. Tulifagia chumba cha uani, tukamwagia sakafu maji vumbi litulie, tukaiosha krenki kwa mafuta ya taa mara baada ya mara, na Idi akaapa bado inanuka papa. Mzee Kombo alikuja kusimamia. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Bloku ya injini hii ni nusu mbili. Krenki unailaza katika nusu ya chini, nusu ya juu unaishusha juu yake. Baina yao unapaka gundi, na kwa joto letu gundi ile haingoji. Ukishaipaka huna ruhusa ya kwenda kokote. Na ile mikono ya chuma iliyoshikamana na krenki hulala huku na huku kama mtu mwenye usingizi. Lazima mwengine aishike wima mpaka nusu ya juu ipite, la sivyo itakwama au itagonga na kupasua. Mtu mmoja hawezi, hata awe bingwa wa mabingwa.

Nikapaka gundi. Makame akaishika ile mikono, mimi na Mzee Kombo tukaanza kuishusha nusu ya juu taratibu, Idi amesimama na bolti tayari. Katikati ya kazi ile, macho yake yakiwa kwenye chuma, Makame akasema:

"Idi mlimwita arudi. Mie mbona hamkuniita?"

Gundi inakauka. Mimi siwezi kuachia, na yeye hawezi kuondoka.

"Nilidhani kwa mjomba unakula ukashiba," nikamwambia. "Hapa kilikuwepo kitanda kimoja."

"Nilikuwa nashiba," akasema. "Ndiyo ilikuwa shida yangu hiyo?"

Nusu ya juu ikashuka kidogo. "Siyo," nikasema. "Rudi nyumbani, Makame."

Kisha ikakaa, nusu juu ya nusu, kwa mlio mdogo kama mlango uliofungwa vizuri. Idi akaanza kutia bolti.

"Ntarudi," akasema Makame. "Hiki kitanda kimoja ntakitengenezea mwenzake. Mbao si ninazo?"

Tulizitumia zile nati na bolti zangu zote. Na siku tuliyoiwasha ilikohoa, ikatema moshi, kisha ikanguruma, feni ikavuma, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Bibi alikuwa kibarazani. Akauliza ni nani huyo kamwasha mwanawe.

Basi hilo ndilo jibu langu, mwanangu. Gari hii itakuwa yenu nyote, na mkitaka kugawana thamani yake gawaneni kwa haki, msidhulumiane. Lakini msiigawe yenyewe. Na ikitokea mmoja wenu yuko mbali, amenuna, anasema fungu lake kalifanya nanga, msimtumie mtu kulidai fungu. Mfuateni nyinyi wenyewe. Kaeni naye, kuleni alichonacho, nyamazeni mpaka aseme. Huenda kalifunga katika shuka na kulipaka mafuta miaka yote akingoja aitwe. Na akija, mpeni kazi ambayo bila mikono yake haifanyiki, kisha msikieni akisema yaliyomkaa moyoni, hata kama gundi inakauka.

Mwenyezi Mungu akupe mikono isiyochoka na ndugu wa kushika nao. Akukutanishe nao wangali hai, akuwekee baraka katika kila utakachokifungua na kukifunga. Haya, nyanyuka. Kampigie ami yako simu, mwambie kesho tunafunga bloku, na nafasi yake ya kushika iko palepale.