Dada yangu alichaguliwa, shemeji yake ndiye aliyekaa kitini

Wakuu, salamu kutoka Kalemie. Ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu. Asiyeamini arudi kwenye nyuzi za mpira, sitamlaumu.

Dada yangu, nimwite Feza, aligombea udiwani wa komini, yaani kata yetu ya kijijini, kusini mwa mji, pembeni ya ziwa. Ajenda yake ilikuwa moja tu: boti ya mashine ya kupeleka wajawazito hospitalini Kalemie.

Binti yake wa kwanza alifia kwenye mtumbwi wa makasia, uchungu umemkaba, mji tayari unaonekana. Kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa hotuba.

Sasa sikieni kosa letu sisi watu wa huku.

Mgombea huandikisha na mbadala wake, wa kushika kiti akifa au akijiuzulu. Na mke wa mtu hazunguki na kampeni hivi hivi. Ukoo wa mume hukubali ukimweka mtu wao awe mbadala. Tunaita heshima. Feza akamweka mdogo wa mumewe, Papa Kisimba.

Akashinda! Wanawake walifungua vitenge vyao vya juu wakamtandikia njia hadi mlangoni. Mumewe, mtu mpole sana, ndiye aliyecheza kuliko wote. Nililia kwa furaha, sifichi.

Kabla madiwani hawajaapishwa, mume akashikwa na homa, akafa.

Kwetu mjane hukaa mkekani, kichwa kimefunikwa, hatoki uani mpaka ukoo wa mume umwogeshe ziwani. Siku wanaipanga wao. Baraza lilipoitwa, Feza akaomba aogeshwe mapema.

Papa Kisimba akamjibu mbele yangu: "Mama, udongo wa ndugu yetu haujakauka, weye unataka mikutano? Tungoje shangazi atoke Moba. Njo yeye wa kukuogesha."

Shangazi hakuja. Mara ziwa limechafuka, mara mashua imejaa. Nikasema nitamfuata mwenyewe, nikaambiwa mambo ya ukoo hayanihusu.

Nilitaka kupigana, wakuu. Feza akanishika mkono.

"Acha, mudogo wangu. Watasema niko na haraka ya kumusahau."

Alimpenda yule mwanaume. Hapo ndipo walipomshikia.

Siku ya kiapo Papa Kisimba alivaa koti la marehemu, akaenda kusema mama ameacha kiti kwa sababu ya huzuni. Hakuna aliyetuma mtu kumuuliza mwenyewe. Wakamwapisha.

Na shangazi? Alifika juma lililofuata.

Feza akaogeshwa, akanyolewa, akaenda moja kwa moja ofisini. Karani alimwonea huruma. "Mama, ile kazi iko na mwenyewe sasa. Labda uende tribinali." Tulikwenda. Kesi imelala mpaka leo.

Majuzi baraza lilijadili bajeti. Wananchi huruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza, bila kusema. Tulikuwepo.

Mwenyekiti akauliza kama kuna diwani mwenye pendekezo kuhusu usafiri wa wagonjwa. Papa Kisimba anachezea simu.

Feza akainua mkono.

"Mama, shusha mukono," mwenyekiti akasema. "Hapa wanasema wenye viti."

Akaushusha taratibu. Mimi niliangalia chini, nilishindwa kumtazama usoni.

Kina mama mnaojiandaa kugombea, mbadala wenu awe mtu ambaye msiba wenu hautamnufaisha. Kura tulizipata, wakuu. Tuliibiwa nyumbani, tena na watu tuliokuwa tunawapikia.

Kama humu kuna mwanasheria, au mwanamke aliyewahi kurudishiwa kiti chake, tafadhali aandike hapa chini. Matusi kwa ukoo wa shemeji msilete, nimeshawatukana vya kutosha.

Feza haombi pole. Kila jioni ananiuliza swali moja tu, kama yeye bado ni diwani.