Bastola ya Kuinama Nayo

Vumilia, mnunuzi wa dhahabu wa Kalangalala, alikuwa amepata kibali cha silaha, na leo alifika kwa furaha duka la silaha pamoja na baba yake. Alichagua bastola kubwa yenye kung'aa, akaichomeka bila risasi kiunoni, ndani ya kitenge.

"Baba, inaonekana?"

Mzee Mageni, sungusungu wa zamani aliyelinda kijiji, alinuna. "Sisi tulibeba pinde begani, mwizi akatuona toka mbali. Siku hizi silaha inafichwa kama hirizi! Haya mayu, binti yangu, inama kama unapima dhahabu."

Aliinama. Kitako cha bastola kikachomoza.

"Wezi wameshakunyang'anya!"

Vumilia akajaribu bastola ndogo nyeusi, akainama, akachuchumaa, akazunguka.

"Sioni kitu," mzee alikiri kwa uchungu, akamvika shingoni filimbi yake ya sungusungu. "Basi waione hii."

Vumilia akaipuliza. Duka zima likaruka.

"Nachukua hii bastola ndogo!"