Baiskeli Aliyoiweka Hermenegildi Kwenye Sala

"Siku nitakayoruka sala, baiskeli yangu ile pale chukueni. Uzeni, nunueni mishumaa."

Aliyasema Hermenegildi mwenyewe, kwa kinywa chake, kwenye jumuiya yetu ya Mtakatifu Rita hapa Idete, Jumamosi moja kabla ya Kwaresima. Mwenyekiti wetu, Mama Margareta, alikuwa ameuliza swali dogo tu: ni nyumba ipi wanasoma Maandiko na kusali kila siku, si siku ya jumuiya peke yake? Watu wakaanza kukagua kucha zao. Mtu mwenye akili angekagua za kwake na yeye. Gildi akasimama. Akasema kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka mavuno, kila alfajiri, kabla ya uji na kabla ya kushika kitu chochote, atasoma sura moja kwa sauti na kusali. Na kwa kuwa watu walikuwa wanachekea viganjani, akaongeza baiskeli.

Walicheka kwa sababu wanamfahamu. Gildi ni bingwa wa kuanza. Nyuma ya nyumba yake kuna bwawa la samaki alilochimba mpaka kiunoni akaliacha. Sasa wanaimba vyura humo, tena kwa sauti zote nne. Pembeni kuna tanuri la matofali ambalo halijawahi kuonja moto. Kwaya alishona sare, akaimba Krismasi, Pasaka akaumwa koo, na koo hilo halijapona mpaka leo. Uvivu hana, tusimsingizie. Shida yake ni kwamba akiteleza mara moja tu, hainuki. Anaona aibu kurudi, anajisemea "imeshavunjika", na anakwenda kutafuta kitu kingine cha kuanza.

Mkewe Oliva alikuwa kwenye mkeka, ameinamisha kichwa. Mengi ya haya amenisimulia yeye. Anasema siku ile hakuwaza baiskeli hata kidogo, baiskeli ni chuma tu. Aliwaza kwamba mwanawe Bryson na wadogo zake wamekua wakimwona baba yao akiacha vitu, na sasa anakwenda kuwafundisha namna ya kumwacha Mungu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu walikuwa bado kijijini. Gildi anaamka, anawasha taa ya sola, anasoma sura ya kitabu cha Mwanzo, wanasali, watoto wanasinzia na kuitikia amina kabla haijafika zamu yake. Halafu mpunga ukaanza kuweka maziwa, punje changa zikajaa.

Mpunga ukifika hapo, mtu wa bonde hili hana nyumba tena kijijini. Watoto wanaachwa kwa bibi yao, shule isikatike, na baba na mama wanahamia shambani. Wanalala kwenye kibanda, na kukicha kila mmoja anapanda dungu lake. Dungu ni kichanja cha miti, kirefu kuliko mtu, kina paa la nyasi. Ukiwa juu unashika kamba zilizotandazwa shamba zima, zimefungwa makopo. Ukivuta, shamba lote linalia. Kwelea kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, hawaji saa tatu wakishakunywa chai. Wanakuja kunapokucha, wanainuka kwenye matete kama moshi, na shamba lisilo na mtu juu wanaliacha majani matupu. Gildi alikuwa ameweka nadhiri akasahau jambo ambalo hata kuku wa Idete wanalijua: saa ya ndege ndiyo hiyo hiyo saa aliyomwahidi Mungu.

Asubuhi ya kwanza shambani alikaa kibandani na Biblia yake. Oliva alikuwa juu peke yake.

"Baba Bryson, wanatua upande wa mfereji."

"Nipo mstari wa kumi."

"Na wao wapo mstari wa kumi wa mpunga."

"Nimeahidi, Mama Bryson."

"Umeahidi wewe. Mpunga haukuahidi kukungoja. Na mimi sikuolewa na padre."

Siku mbili wakalishana ugali bila maneno. Ya tatu Gildi alipanda dungu na Biblia kwapani. Akafunga kamba kwenye mguu, akafungua kitabu magotini, akaanza kusoma kwa sauti ya kushinda makopo. Kila mstari ukiisha anapiga teke, shamba linalia, anaendelea. Fulani akamzaa fulani, makopo. Akaishi miaka mingi, makopo. Oliva akawa anaitikia kutoka dungu la pili kwa kupiga debe.

Hilo debe lina adabu zake. Kwa ndege linapigwa ovyo, hapa na pale. Likipigwa mfululizo bila kupumzika, hiyo ni hatari, na kila anayelisikia anakuja na alichoshika. Likishaita watu huwezi kuwarudisha. Mwaka juzi kuna mahali huko chini lilipigwa kwa ajili ya ng'ombe walioingia shambani, na waliozikwa hawakuwa ng'ombe. Tangu hapo, ukilima jirani na mfugaji, unalala na jicho moja.

Gildi alikuwa jirani na mfugaji. Ng'ambo ya mfereji alikaa Mabula, Msukuma wa makamo aliyehamia na ng'ombe wake na sasa analima mpunga pia. Walikuwa wanasalimiana kwa kidevu. Lakini asubuhi moja Mabula alikuja mpaka ukingoni, mswaki wa mti mdomoni, akasalimia Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Jana uliishia yule kijana ametupwa shimoni na kaka zake. Alitoka?"

"Si una kanisa lako wewe?"

"Kanisa lipo. Miwani ndiyo ilikanyagwa na ndama."

"Nunua nyingine."

"Nikisoma mwenyewe nitakosa makopo."

Ikawa ndiyo desturi. Kila kukicha Mabula anasimama ukingoni na mswaki wake, ng'ombe bado wamefungiwa bomani, mpaka sala iishe. Gildi akaanza kuongeza sauti. Kiburi kidogo kilimwingia, tuseme ukweli. Alisoma kama mtu anayetangaza mpira.

Alhamisi moja kulikucha baada ya mvua kubwa ya radi. Gildi alipanda, akafungua Biblia, akainua macho kuangalia ndege, akaona migongo. Ng'ombe walikuwa ndani ya mpunga, pembe ya mfereji, ile pembe aliyokuwa anawaonyesha wageni. Hawakuwa wanapita. Walikuwa wanakula.

Biblia aliitupa kwenye mkeka wa dunguni. Panga hakulitupa.

Oliva aliona yote kutoka juu. Debe lilikuwa mapajani, fimbo mkononi. Alijua mumewe akikata tu, yeye atapiga, na akishapiga, wanaume watatoka kila shamba mpaka barabarani. Na ng'ambo ya mfereji kulikuwa na vijana wa Mabula, na vijana wa wenzake Mabula, wenye fimbo ambazo hazikuchongwa kwa ajili ya ng'ombe peke yao. Akangoja, fimbo hewani.

Gildi alimfikia ng'ombe wa kwanza, jike jeupe, akainua panga juu ya kiuno cha mnyama. Mabula akatokea anakimbia, pekupeku, matope mpaka magotini. Akasimama upande wa pili wa ng'ombe. Kati yao ulikuwa mgongo huo mweupe tu.

"Ukimkata huyo," Mabula alisema polepole, "vijana wangu wakija sitaweza kuwashika."

"Na wa kwangu je? Unaliona lile debe?"

"Naliona."

"Mpunga wa mwaka mzima, Mabula. Watoto wangu watakula majani ya ng'ombe wako?"

Ng'ombe alikuwa anatafuna, hana habari na mtu.

"Leo sijakusikia," Mabula akasema.

"Nini?"

"Ua wa boma ulivunjwa na radi, nilikuwa naufunga. Nikasema, akianza kusoma nitajua yuko juu, kama kuna waliotoka atawaona, ataniita. Nikangoja. Kimya. Ndiyo nikakimbia."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Sijasema hivyo. Nakwambia nilikuwa nangoja. Jana uliishia yule mdogo wao amekutwa na kikombe kwenye gunia lake. Nimelala nacho hicho kikombe."

Gildi alimwambia mkewe baadaye kwamba pale alitaka kucheka na kukata kwa wakati mmoja, na hakujua mkono utachagua nini. Mkono ukashuka. Akageuka kumtazama Oliva, akatikisa kichwa. Oliva aliishusha fimbo taratibu, akailaza juu ya debe.

Wanaume hao wawili wakawatoa ng'ombe wote. Jioni wakakaa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, Mabula akakubali kulima shamba hilo kwa maksai wake msimu ujao, bure, na yakaisha. Ile pembe ilibaki imelala kama mkeka uliochezewa ngoma.

Yaliyoisha ni ya ng'ombe. Mchana wa siku ile Oliva alishusha Biblia kutoka dunguni, akaifuta, akampa mumewe.

"Soma sasa."

"Nilisema kabla ya kushika kitu. Nimeshika panga."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo imeshavunjika."

Oliva analijua neno hilo. Ni neno la bwawa, la tanuri, la kwaya. Akairudisha Biblia kwenye mfuko wa nguo.

Ijumaa Gildi alipanda dungu mikono mitupu. Makopo yakalia peke yake. Mabula akaja ukingoni na mswaki, akangoja mpaka mswaki ukawa nyuzi, akaondoka bila kuuliza. Oliva anasema alitamani ndege waje wengi zaidi, ili asiusikie ule ukimya.

Jumamosi ilikuwa siku ya jumuiya. Mabula alijitolea kuwavutia kamba mpaka warudi, nao wakaenda kijijini na baiskeli, Oliva amekaa nyuma.

"Utasema nini?" akamuuliza mgongoni.

"Wakiniuliza?"

"Wasipokuuliza."

Gildi akakanyaga pedali. Hakuna aliyejua kwamba hakusoma zaidi yao na Mabula, na Mabula si wa jumuiya yetu wala wa kanisa letu. Kwa maneno mengine, hakukuwa na shahidi.

Tulisali, tukasoma, tukatoa nia zetu. Mwishoni Mama Margareta akamtania kama kawaida.

"Gildi, baiskeli bado ni ya kwako?"

"Tairi la nyuma ni la kwangu," akadakia Valeria, ambaye mdomo wake haujawahi kukaa likizo. Tukacheka. Na Gildi angeweza kucheka na sisi, kikao kikafungwa. Oliva alilikunja pindo la kitenge chake, akalifungua, akalikunja tena.

Gildi akasimama.

"Si yangu tena. Alhamisi sikusoma, nilikuwa na panga mkononi. Jana na leo sikusoma, na sikuwa na kitu chochote mkononi."

Kicheko kikakatika. Akatusimulia habari ya ng'ombe, kwa ufupi, bila kujitetea. Beatus, mweka hazina, akasema jamani, mavuno haya yanakuja, mtu atabebaje magunia, si tumsamehe tu yaishe.

"Kusamehewa ni kwa padre, mimi sina stola," Mama Margareta akasema. "Baiskeli aliitoa mwenyewe, tunaipokea. Lakini nikuulize, mwanangu. Nani alikutuma uweke rehani kwenye sala? Siku zote hizi ulikuwa unasoma kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya tairi?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui. Sasa huna baiskeli. Kesho tutajua."

Beatus akaikokota baiskeli mpaka kwa Mama Margareta. Gildi hakuitazama inavyokwenda. Wakarudi shambani kwa miguu, mume mbele, mke nyuma. Oliva anasema aliogopa njiani pale kuliko siku ya panga. Siku ya panga alijua kinachoweza kukatwa.

Jumapili kukaanza kupambazuka na ukungu. Oliva alikuwa juu ya dungu lake, debe mapajani. Akamsikia mumewe anapanda. Hakugeuka. Makopo yakalia mara moja, yakanyamaza. Ndege wa kwanza wakapita. Makopo tena.

Halafu mtu akakohoa.

Alianza chini chini, kwa sauti ya mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani anayemdai. Alianzia pale pale alipoachia, kwenye kikombe.

"Sauti, baba," likaja neno kutoka ng'ambo ya mfereji.

Gildi akaongeza sauti. Alipofika pale Yosefu anaposhindwa kujizuia mbele ya kaka zake na kuwaambia yeye ni nani, akasimama. Mguu wake ukasahau kamba. Oliva akasahau debe. Kwelea wakatua kwenye kona ya mpunga na kula kwa amani ya Bwana, mpaka Mabula alipookota tope na kuwatupia, huku anajifuta uso kwa mkono ule ule.

Mpunga umeshavunwa sasa. Nadhiri ilikuwa mpaka mavuno, na Gildi bado anasoma, kwa sauti ya kawaida, nyumbani, watoto wanaitikia amina mahali pake au karibu na hapo. Ameruka tena mara mbili, mara moja kwa malaria na mara moja kwa msiba wa shemeji yake. Kesho yake alirudi, hakutangaza kitu. Bwawa bado ni la vyura.

Baiskeli iliuzwa Ifakara, na mishumaa ilinunuliwa. Magunia ya Gildi yametolewa shambani na bodaboda. Gunia moja mpaka barabarani ni shilingi elfu saba.